Mwongozo Kamili wa Kurahisisha Matumizi ya Programu Huria za Kutengeneza Muziki

Uwezo wa programu huria za kutengeneza muziki, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi na mtu yeyote anaruhusiwa kuzinakili na kuzibadilisha, haubishaniwi tena. Ardour hurekodi na kuchanganya trak nyingi kadiri kompyuta inavyoweza kubeba, LMMS hupanga midundo na ala bila kuhitaji kinanda cha nje, Audacity, iliyotolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2000, hukata na kusafisha sauti, na MuseScore huandika nota. Zote ni halali kunakiliwa kwenye flashi na kupewa mwenzako, na hilo lina uzito mkubwa Kampala, Arua, Gulu au Busia, ambako bando la intaneti hununuliwa kwa hesabu na programu za kulipia zilizovunjwa kufuli hupokezanwa pamoja na virusi vyake. Hata hivyo prodyuza kijana anayefungua Ardour kwa mara ya kwanza mara nyingi huifunga kabla hajasikia sauti yoyote, kisha anarudi kwenye ile iliyovunjwa kufuli. Kilichomshinda si upungufu wa uwezo wa programu, bali ni njia iliyopo kati ya mkono wake na sauti anayoitaka.

Njia hiyo inaweza kufupishwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji mtu anayejua kuandika msimbo. Inahitaji mtu anayetumia programu hizi kila siku, anayejua wateja wake, na aliye tayari kuangalia kwa makini kabla ya kupendekeza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, awe fundi wa studio, mwalimu wa kwaya au mtayarishaji wa matangazo ya redio.

Hatua ya kwanza: chagua kazi moja tu

Kusema kwamba unataka kuirahisisha Ardour ni kusema jambo lisilopimika. Chagua kazi moja yenye mwanzo na mwisho. Mfano utakaotumika katika mwongozo huu ni huu: mwimbaji anaweka sauti yake juu ya mdundo uliokwisha kutengenezwa, kimya cha mwanzo kinakatwa, na faili la MP3 linatolewa tayari kutumwa kwa WhatsApp. Kazi hii hufanyika katika studio ndogo kila siku, mara nyingi mteja akiwa amekaa pembeni anasubiri, kwa hiyo kila dakika inayopotea ndani yake ina gharama.

Iandike kwenye karatasi kwa maneno ambayo mteja mwenyewe angeyatumia, na usitaje jina la kitufe au menyu yoyote. Ukiandika jina la kitufe umekwisha kumpa mtu jibu, na hutajua kama angelipata peke yake.

Hakikisha pia kwamba programu uliyochagua inaiweza kazi hiyo. Matoleo ya LMMS ya mfululizo wa 1.2, kwa mfano, hayarekodi sauti kutoka kwenye maikrofoni. Ukimkalisha mwimbaji mbele yake na kumwambia aweke sauti, utakuwa unapima kitu kisichokuwapo. Ikiwa lakini watu wengi wanaitafuta maikrofoni ndani ya LMMS na programu haiwaambii lolote, hilo lenyewe ni tatizo linalostahili kuripotiwa.

Hatua ya pili: watazame watu watano wakifanya kazi

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote. Usiwaulize watu wanaionaje programu, kwa kuwa watakujibu kwa adabu au kwa mazoea. Wakalishe mbele yake uangalie mikono yao. Mwaka 2000 mtaalamu wa urahisi wa matumizi Jakob Nielsen alieleza kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya kiolesura, yaani sura ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuibofya, kwa sababu kuanzia mtu wa pili unaanza kuona makosa yale yale yakijirudia. Sharti lake ni kwamba watu hao wawe wa aina moja. Maprodyuza vijana wa mtaa wa Katwe, Kampala, waliozoea programu nyingine ni kundi moja, na walimu wa kwaya ambao hawajawahi kurekodi kwa kompyuta ni kundi jingine. Ukiwachanganya, utapata picha isiyo ya yeyote kati yao.

Keti nyuma kidogo, upande mmoja, mahali unapoona kioo na mikono. Mwombe mtu aseme kwa sauti anachofikiri kadiri anavyofanya kazi, na aseme katika lugha anayofikiria, iwe Luganda, Lugbara au Kiswahili, kwa sababu mtu anayetafuta maneno hawezi wakati huo huo kutafuta kitufe. Mweleze mapema kwamba kinachopimwa ni programu na kwamba yeye hapimwi. Kwa mzee au mwalimu mwenye heshima yake, fanya zoezi faraghani bila wanafunzi wake kuwapo. Akiona vijana wanamtazama ataogopa kubofya asichokijua, na matokeo yako yatakuwa ya woga wake tu.

Kisha nyamaza. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa malezi yetu yanatutaka tumsaidie mgeni anayehangaika. Akikuuliza afanye nini, mwulize yeye angefanya nini kama usingekuwapo. Weka kikomo cha muda, tuseme dakika kumi kwa kila sehemu ya kazi, na kikipita mwonyeshe njia kwa upole, kisha uandike kwamba sehemu hiyo ilishindikana.

Mfano mmoja unaonyesha kinachopatikana kwa kutazama. Ili kurekodi ndani ya Ardour, ni lazima kwanza ubonyeze kitufe chekundu kidogo kilichopo kwenye trak yenyewe ili kuitayarisha, kisha ubonyeze kitufe kikuu cha kurekodi kilichopo juu, kisha ubonyeze kitufe cha kucheza. Ni vitufe vitatu katika sehemu mbili za dirisha. Mtu aliyezoea Audacity, ambayo huanza kurekodi kwa mbofyo mmoja, hubonyeza kitufe kikuu chekundu, huanza kuimba, na mstari wa muda hausogei. Kitufe kinawaka na kuzima, naye anadhani tayari kinarekodi. Mpangilio huo una sababu nzuri katika studio kubwa, ambako fundi hutayarisha maikrofoni nane za ngoma na hataki trak nyingine ziguswe. Kwa mwimbaji mmoja mwenye maikrofoni moja ni mtego. Ukiziona sababu zote mbili, ripoti yako itasikilizwa, kwa sababu watengenezaji huwapuuza upesi wanaodhani kwamba kila kilichopo kiliwekwa bila kufikiri.

Ongeza jaribio moja linalotokana na mazingira yetu. Tumia laptopu ambayo betri yake imekufa, na katikati ya kazi chomoa waya wa umeme. Washa tena kompyuta umwombe mtu aendelee. Je, programu imemrudishia sauti aliyorekodi? Je, imemwambia kwa maneno yanayoeleweka afanye nini? Mpimaji wa nchi ambayo umeme haukatiki hawezi kulifikiria jaribio hili, nasi tunalijua vizuri mno.

Hatua ya tatu: andika ulichokiona, kisha kipange

Chora jedwali lenye safu nne: muda, alichofanya, alichosema, na kilichotokea. Usiandike hukumu kama vile "hakuelewa". Andika kwamba alibofya menyu ya faili mara tatu akitafuta MP3 na akaifunga kila mara. Baadaye panga matatizo katika madaraja matatu: yaliyomzuia mtu kabisa, yaliyomchelewesha, na yaliyomkera tu. Tatizo la daraja la kwanza lililowapata watu watatu kati ya watano litangulie mbele ya mengine yote, hata kama jingine linakuudhi wewe binafsi zaidi.

Kama unataka namba ya kulinganisha, tumia dodoso la maswali kumi lililobuniwa na John Brooke mwaka 1986, linalofahamika kwa kifupi chake SUS (System Usability Scale). Kila swali hujibiwa kwa namba 1 hadi 5. Kwa maswali ya witiri, toa 1 kutoka kwenye jibu, na kwa maswali ya shufwa, toa jibu kutoka kwenye 5. Jumlisha zote kumi, zidisha kwa 2.5, nawe utapata alama kati ya 0 na 100. Wastani unaotajwa sana ni 68. Kwa watu watano tu, alama hiyo haitoshi kuihukumu programu, lakini inafaa kukuonyesha kama hali imesogea baada ya marekebisho.

Hatua ya nne: rekebisha yaliyo mikononi mwako

Kabla hujamwandikia mtengenezaji yeyote, yapo mengi ambayo studio yenyewe inaweza kuyaondoa.

Anza na kuchelewa kwa sauti, kwa sababu mwimbaji anayejisikia kwenye hedfoni akiwa nyuma ya mdundo hawezi kuimba, na ataulaumu uimbaji wake. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu yanayoitwa bafa. Kwa kasi ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 ni takriban milisekunde 21, nayo ya sampuli 256 ni takriban milisekunde 5, na safari nzima kutoka maikrofoni hadi sikioni hupita kwenye bafa zaidi ya moja. Rekodi kwa 256 au 128, kisha urudi 1,024 unapochanganya, wakati ambapo plagini nyingi (programu ndogo za kuongeza athari za sauti) zinaielemea kompyuta. Sauti ikianza kukwaruza, panda ngazi moja. Katika Windows tumia kiendeshi cha ASIO cha kadi yako ya sauti, yaani programu inayopunguza kuchelewa kati ya kadi na kompyuta. Katika Linux mifumo mingi ya sasa hutumia PipeWire, ambayo imepunguza sana usumbufu wa zamani wa kuunganisha programu na kadi ya sauti. Ukishapata mpangilio unaofanya kazi, uandike kwenye karatasi na uibandike ukutani karibu na kompyuta.

Kinachofuata ni kiolezo, yaani mradi uliotayarishwa mapema wa kuanzia kazi mpya, nami nakihesabu kuwa tiba kubwa kuliko zote kwa gharama ndogo kuliko zote. Katika Ardour tengeneza kipindi (session, yaani mradi mmoja wa kurekodi) chenye trak moja ya stereo kwa ajili ya mdundo, trak mbili za sauti na basi moja ya mwangwi (bus, njia ambayo trak kadhaa hupitishia sauti zake pamoja), zote zikiwa na majina yanayoeleweka na rangi tofauti, maikrofoni ikiwa imeunganishwa tayari, kisha ukihifadhi kama kiolezo. Anayefungua kazi mpya atakuta meza imetandikwa. LMMS nayo hufungua mradi mpya kwa kasi ya mapigo 140 kwa dakika na mgawanyo wa 4/4, jambo lisilomfaa anayetengeneza mdundo wa baakisimba, ngoma ya Baganda, ambao wengi huuandika kwa 6/8 au 12/8. Badilisha kasi na mgawanyo, weka vipande vyako vya sauti za ngoma, na uhifadhi mradi huo kuwa kiolezo cha kudumu kupitia menyu ya faili.

Laptopu nyingi za mtumba zina kioo cha pikseli 1366 kwa 768, na madirisha ya programu hizi yalichorwa kwa vioo vikubwa zaidi. Katika mapendeleo ya Ardour unaweza kupunguza ukubwa wa kiolesura na wa maandishi, na kuficha paneli usizozitumia. Audacity ina mandhari (theme, yaani mpangilio wa rangi) yenye utofauti mkali wa rangi kwa wasioona vizuri. Rangi za LMMS zimeandikwa katika faili la kawaida la maandishi la aina ya CSS ndani ya folda ya mandhari, na mtu mwenye subira anaweza kuzibadilisha kwa kihariri chochote cha maandishi. Hakikisha pia uhifadhi wa kila baada ya dakika chache umewashwa, kwa sababu ile ya waya uliochomolewa itatokea siku mteja yupo.

Mwisho wa hatua hii ni mikato ya kibodi. Ardour hukuruhusu kuipa amri yoyote mkato wake, na tangu toleo la 5 la mwaka 2016 inakubali hati ndogo za lugha ya Lua, ambazo zinaweza kuunganisha amri kadhaa katika kitufe kimoja. Vile vitufe vitatu vya kurekodi vinaweza kugeuzwa kuwa kimoja ndani ya studio yako bila kugusa msimbo wa programu yenyewe.

Hatua ya tano: ifanye programu ikubali ala zetu

Programu nyingi huanza na dhana kwamba oktava ina hatua kumi na mbili zilizo sawa, kila moja ikiwa na senti 100 (senti ni kipimo cha umbali kati ya sauti). Amadinda ya Buganda, marimba yenye mbao kumi na mbili na wapigaji watatu, hufuata mizani ya sauti tano ambazo umbali kati yake hukaribia kuwa sawa, yaani karibu senti 240 kila hatua. Kwenye kinanda cha kawaida hatua hiyo huangukia katikati ya senti 200 na 300, na ndiyo maana amadinda iliyoigizwa kwa sauti za kawaida za kompyuta humsumbua msikilizaji anayeijua, hata asipoweza kueleza kwa nini. Mwanamuziki hapaswi kulazimika kuiacha mizani yake kwa sababu programu haikumwuliza.

Sintesaiza huria (programu ya kutengeneza sauti za ala) ya Surge XT na ile ya ZynAddSubFX husoma mafaili ya mizani ya muundo uitwao Scala. Faili lenyewe ni maandishi matupu, nawe unaweza kuliandika kwa dakika moja na kulihifadhi kwa jina la amadinda.scl:

! amadinda.scl
Mizani ya sauti tano zenye umbali sawa
5
240.0
480.0
720.0
960.0
2/1

Mstari wa kwanza ni maelezo, wa pili ni jina, wa tatu ni idadi ya sauti, na inayofuata ni umbali wa kila sauti kutoka ile ya mwanzo. Usiiache nukta ya desimali, kwa sababu namba isiyo na nukta husomwa kama uwiano. Kama una amadinda yako, rekodi kila ubao, pima mizani yake halisi, na uweke namba hizo badala ya hizi, kwa kuwa kila ala hutengenezwa kwa sikio la fundi wake na namba hizi ni za kuanzia tu.

Linabaki tatizo la vidole. Bila maelekezo mengine, sauti hizo tano zitapangwa kwenye vitufe vitano vinavyofuatana, na oktava itaanza upya mahali ambapo mkono hauitarajii. Suluhisho ni faili la pili la upangaji, lenye kiambishi cha kbm, linaloweka sauti hizo kwenye vitufe vyeusi pekee. Katika kila oktava ya kinanda vitufe vyeusi ni vitano, kwa hiyo mizani na kinanda vinakutana bila kubaki kitu. Kumbuka kuchagua kitufe cheusi pia kuwa kitufe cha rejea, la sivyo rejea itaangukia kwenye kitufe kisicho na sauti. Gawa mafaili hayo mawili pamoja na kiolezo chako.

Hatua ya sita: andika ripoti inayoweza kufanyiwa kazi

Yaliyobaki baada ya hatua hizo ndiyo yanayowahusu watengenezaji. LMMS, Audacity na MuseScore hupokea ripoti kupitia GitHub, tovuti ambako msimbo wa miradi hiyo huhifadhiwa, na Ardour ina mfumo wake yenyewe. Tafuta kwanza kama tatizo lako limekwisha kuandikwa. Likiwapo, ongeza ushahidi wako chini yake badala ya kufungua jipya.

Ripoti moja ibebe tatizo moja. Taja toleo la programu, mfumo wa uendeshaji, kadi ya sauti na ukubwa wa kioo. Eleza hatua kwa hatua alichofanya mtu, alichotarajia na kilichotokea, kisha useme ni wangapi kati ya watano walikwama. Andika kwa Kiingereza chepesi, maana ndiyo lugha ya kazi ya miradi hii, na Kiingereza cha shule kinatosha kabisa. Video fupi ya kioo ina thamani kuliko aya tatu, ila ipunguze ukubwa kabla ya kuituma. Jambo la kuzingatia zaidi ni kueleza tatizo kabla ya suluhisho. "Ongezeni kitufe kikubwa" ni ombi linalokataliwa kirahisi. "Watu wanne kati ya watano waliimba wimbo mzima wakidhani wanarekodiwa" ni jambo ambalo hakuna mtengenezaji makini atakayelipita.

Ukosoaji wa namna hiyo umewahi kuleta mabadiliko makubwa. Mwaka 2019 mtunzi na msanifu Martin Keary aliuchambua hadharani kiolesura cha MuseScore kwa undani na kwa ukali, naye akaja kukabidhiwa uongozi wa usanifu wake, na toleo la 4 lililotoka Desemba 2022 lilikuwa limejengwa upya kwa sehemu kubwa. Audacity 3.1 ya mwaka 2021 iliondoa zana nzima iliyokuwa ikihitajika ili kusogeza kipande cha sauti, na tangu hapo unakishika kipande kwa kichwa chake na kukiburuta. Kuondoa kitu mara nyingi kunasaidia kuliko kuongeza.

Hatua ya saba: pendekeza umbo, tafsiri, na msimbo ukiweza

Ukitaka kupendekeza mpangilio mpya, uchore kwenye karatasi ya manila, kata vitufe kwa mkasi, na umwombe mtu abonyeze kwa kidole huku wewe ukibadilisha vipande kadiri anavyobonyeza. Huhitaji umeme wala bando, na wazo baya hufa kabla halijamgharimu mtu wiki za kuandika msimbo. Likifaulu, lichore vizuri kwa Inkscape, programu huria ya kuchora, na uliambatanishe na ripoti.

Tafsiri ya Kiswahili ni mlango mwingine ulio wazi. Maandishi ya Audacity na Ardour yamo katika mafaili ya po, yanayohaririwa kwa Poedit, na yale ya LMMS na MuseScore yamo katika mafaili ya ts, yanayohaririwa kwa Qt Linguist. Anza na maandishi yanayoonekana katika ile kazi moja uliyoichagua, na yajaribu kwenye vitufe vyenyewe, kwa sababu neno refu hukatwa katikati kwenye kitufe chembamba.

Anayejua C++, lugha ya kuandikia msimbo wa programu hizi, aanze na mabadiliko madogo: maelezo yanayotokea kipanya kinapotua juu ya kitufe, ujumbe wa hitilafu unaoeleza la kufanya, mpangilio wa menyu. Mabadiliko ya mistari michache hukaguliwa upesi na humjengea mwandishi wake imani ya wenye mradi.

Hatua ya nane: pima tena

Tafuta watu watano wapya wa kundi lile lile, kwa sababu wale wa kwanza wamekwisha kujifunza njia. Wape karatasi ile ile, laptopu ile ile na muda ule ule, kisha ulinganishe majedwali na alama. Tuma matokeo chini ya ripoti yako ya awali hata kama hayakupendeza, ukieleza ni marekebisho gani yalisaidia na yapi hayakubadilisha kitu. Pendekezo lako likikataliwa, leseni inakuruhusu kubaki na toleo lako mwenyewe, lakini utalazimika kulirekebisha upya kila programu inapotoka toleo jipya. Kwa studio ndogo ni nafuu zaidi kuliweka wazo hilo katika kiolezo, mandhari au hati ya Lua, kisha kulinakili kwenye flashi pamoja na programu yenyewe kwa kila anayekuja kuomba.